Ini, Msomi na Deni la Damu

Waswahili hawakulichukua ini kuwa kiungo cha mwili tu. Neno la kuudhi kupita kiasi husemwa kuwa ni neno la kukata maini, kana kwamba uchungu wa binadamu makao yake hayako moyoni peke yake. Mwaka wa 2004 nahau hiyo iligeuka kuwa habari. Katika sehemu za Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu walianza kuingia hospitalini wakiwa na macho ya manjano, matumbo yaliyojaa maji na udhaifu usioelezeka. Kufikia tarehe 20 Julai mwaka huo, wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Kilichowaua kilitoka ghalani mwao wenyewe: mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, yakaota kuvu, na kuvu hiyo ikatoa sumu inayoharibu ini.

Wanasayansi walikuwa wakiijua sumu hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza kwa kulishwa makapi ya njugu yaliyoota kuvu. Maelfu ya kurasa yalikuwa yameandikwa kuihusu. Swali linaloukabili uga wa Kiswahili, basi, ni hili: maarifa yaliyodumu zaidi ya miaka arubaini yalikuwa wapi siku mkulima wa Makueni alipokuwa akifunga gunia lake?

Jibu la haraka huwa ni kuilaumu serikali. Lawama hizo zina mahali pake, lakini ipo sehemu ya jibu inayopatikana ndani ya vyuo vikuu vyenyewe, katika njia ambayo mtafiti wa maradhi ya ini na saratani hupitishwa tangu uzamili hadi uzamifu.

Njia hiyo hufahamika. Mwanafunzi huandika pendekezo, hulitetea mbele ya jopo, kisha hutafuta kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Kamati humtaka awe na fomu ya idhini katika lugha ambayo mshiriki anaielewa, na aghalabu lugha hiyo huwa Kiswahili. Fomu hutafsiriwa. Mshiriki huelezwa kwa Kiswahili fasaha kwamba atatolewa damu kiasi fulani, kwamba hatalazimishwa, na kwamba siri yake itahifadhiwa. Hutia sahihi au alama ya kidole. Baada ya hapo Kiswahili huagwa. Sampuli huenda maabara, matokeo huenda katika tasnifu ya Kiingereza, tasnifu huenda rafuni, na makala yatokanayo nayo huenda katika majarida ya ng'ambo. Mtafiti hupandishwa cheo kwa idadi ya makala hayo. Kwa ufupi, Kiswahili hutumiwa kuombea damu, ilhali Kiingereza hutumiwa kusemea kilichoonekana ndani ya damu hiyo. Hilo ni deni.

Uzito wa deni hilo hubainika zaidi mtu anapotazama historia ya taaluma yenyewe. Baruch Blumberg, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka wa 1925, alianza na fizikia, akagusa hisabati, akahitimu udaktari wa tiba mwaka wa 1951, kisha akapata shahada ya uzamifu ya biokemia katika Chuo Kikuu cha Oxford mwaka wa 1957. Hakuwa akiwinda maradhi ya ini. Alitaka kujua ni kwa nini watu hutofautiana katika kupatwa na magonjwa, na kwa ajili hiyo alikusanya damu ya watu wa mataifa mengi, Nigeria ikiwemo. Mwaka wa 1963 ilionekana kwamba damu ya mgonjwa wa hemofilia, aliyekuwa ametiwa damu mara nyingi, iliitikiana na protini iliyokuwamo katika damu ya mwenyeji asilia mmoja wa Australia. Protini hiyo ikaitwa antijeni ya Australia. Miaka michache baadaye ilithibitika kuwa ni sehemu ya kirusi cha homa ya ini aina ya B. Mwaka wa 1969 Blumberg na mwenzake Irving Millman waliomba hataza ya njia ya kutengeneza chanjo, na mwaka wa 1976 Blumberg akawa mmoja wa washindi wawili wa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Matunda yake hayakuishia kwenye tuzo. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka wa 1984, na mwaka wa 1997 watafiti wa huko walionyesha kwamba saratani ya ini ilikuwa imepungua miongoni mwa watoto. Kenya iliiingiza chanjo hiyo katika ratiba ya watoto mwaka wa 2001. Chanzo cha yote hayo ni damu ya mtu ambaye jina lake halimo katika orodha ya washindi wa tuzo. Mtoto wa Kenya anayedungwa sindano hiyo ana deni kwa mtu wa Australia asiyemjua, na kila mtafiti anayechota damu Kitui au Busia anaingia katika deni la namna hiyo hiyo.

Deni hilo hulipwaje? Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohitajika, maana istilahi za maradhi haya bado ni vurugu. Wazungumzaji wengi huita umanjano wa macho homa ya manjano. Homa ya manjano, hata hivyo, ni ugonjwa mahsusi unaoenezwa na mbu. Mgonjwa wa homa ya ini aina ya B akiambiwa ana homa ya manjano, atakwenda kununua chandarua, ilhali kirusi chake huenezwa kwa damu, kwa kujamiiana na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Hata hiyo homa ya ini yenyewe ina kasoro, kwani mtu anaweza kukaa na kirusi hicho miaka mingi bila homa yoyote, huku ini likiendelea kuharibika. Wapo wanaopendelea mchochota wa ini. Mjadala huo si wa mapambo. Istilahi ikipotosha, mtu hukosa kupimwa.

Sumu ya mahindi nayo ina somo lake. Neno aflatoksini liliundwa kwa kuunganisha vipande vya jina la Kilatini la kuvu, Aspergillus flavus, na neno la sumu. Kwa mkulima halina maana yoyote. Watanzania waliunganisha sumu na kuvu wakapata sumukuvu, neno linalojieleza lenyewe: anayelisikia hujua ni sumu na hujua inatoka wapi. Nchini Kenya vyombo vya habari bado hupendelea aflatoksini. Aidha, saratani na kansa hugombania nafasi katika sentensi moja, ingawa asili zao zinakutana: saratani ya Kiarabu na cancer ya Kilatini yote mawili ni majina ya kaa. Mwanaisimu anayelijua hilo ana hazina ya kumgawia daktari, na daktari ana hazina ya kumgawia yeye.

Maana lililo muhimu kuelezwa si gumu kiasi kinachodhaniwa. Ini ndilo linaloibadilisha sumukuvu katika jitihada za kuitoa mwilini, na katika kubadilishwa huko hutokea kemikali inayojibandika kwenye DNA ya seli. Jeni iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuzizuia seli zisizaane ovyo, huweza kuharibiwa hapo. Mtu mwenye kirusi cha B anayekula pia sumukuvu hazijumlishi hatari mbili, bali huzizidisha. Tafiti zilizofanyiwa wanaume wa Shanghai na kuchapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikadiria hatari ya waliokuwa na yote mawili kuwa takriban mara 60 ya wasiokuwa nayo. Moto wa jikoni nao hauimalizi sumu hiyo. Mama anayeuliza iwapo mahindi ya kuvu yakichemshwa sana yatalika anastahili kujibiwa kwa lugha aliyoulizia.

Makala haya basi yanashikilia kwamba tasnifu yoyote ya sayansi iliyotumia damu, nyumba au shamba la mwananchi isipitishwe kabla ya kuambatanishwa na ikisiri ya Kiswahili ya kurasa mbili hivi, iliyoandikwa na mtafiti akishirikiana na mwanafunzi wa Kiswahili, ikasomwa na wasimamizi wa pande zote mbili, na kurejeshwa kwenye zahanati na baraza la chifu pale sampuli zilikotolewa. Mwanafunzi wa Kiswahili naye ahesabiwe alama kwa kazi hiyo, kwani kutafsiri matokeo ya maabara bila kuyapotosha ni mtihani mkali kuliko insha nyingi za darasani.

Watatokea wa kupinga. Wa kwanza watasema kuwa Kiswahili hakina istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990, kwa hiyo hoja hiyo imechakaa. Istilahi isiyotumiwa ndiyo isiyokuwapo. Wa pili watasema kuwa mtafiti hana muda. Aliyepata muda wa kutafsiri fomu ya kuomba hakosi muda wa kutafsiri jibu. Wa tatu wana hoja nzito zaidi: bibi wa Makueni huzungumza Kikamba, wala Kiswahili sanifu cha vitabuni hakimfikii. Hilo ni kweli, na halifai kufunikwa. Hata hivyo, mhudumu wa afya wa kijijini na mtangazaji wa redio ya lugha ya mama watavuta maelezo kutoka Kiswahili kwa wepesi zaidi kuliko kutoka Kiingereza cha maabara. Kiswahili hapo ni daraja, na daraja halidai kuwa ndilo safari.

Katiba ya mwaka wa 2010 iliifanya lugha hii kuwa rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo hauna maana iwapo utaishia kwenye hotuba za sikukuu, huku habari za ini la mwananchi zikiandikwa kwa lugha asiyoijua. Dawa ya deni ni kulipa. Mtafiti aliyechukua damu anajua analodaiwa, na mwanafunzi wa Kiswahili anajua lugha ya kulilipia. Kilichobaki ni wawili hao kuketi kwenye meza moja kabla gunia jingine halijafungwa na unyevu ndani.