SIRI YA MTOTO MPAKANI

Katika mwezi wa Aprili 2023 Gavana Brad Little wa jimbo la Idaho, huko Marekani, alitia sahihi sheria ambayo twaona yafaa wasomaji wetu waifahamu vema. Sheria hiyo, iliyoanza kutumika mwezi uliofuata, yasema kwamba mtu mzima ye yote atakayemshawishi, kumhifadhi au kumsafirisha msichana mwenye mimba asiyetimiza umri wa miaka 18, ili akatolewe mimba au apate dawa za kuitoa, huku akikusudia kuwaficha wazazi au mlezi wake, ametenda kosa kubwa. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka miwili wala kuzidi mitano. Wala haimfai mshtakiwa kujitetea kwamba daktari aliyeendewa yuko katika jimbo jingine ambako kazi hiyo ni halali. Bibi akimpakia mjukuu wake katika motokaa, akavuka naye mpaka, akamngoja hospitalini na kumrudisha nyumbani, basi huyo bibi ni mhalifu. Na waliotunga sheria wamelipa kosa lake jina lile lile wanaloitwa wafanyao biashara ya kuuza binadamu.

Hatuandiki leo ili kuamua kama kutoa mimba ni halali au haramu. Juu ya jambo hilo masheikh, mapadri na madaktari wamekwisha sema mengi, na kila msomaji anayo imani yake. Neno letu ni jingine. Ni haki ya mtoto mbele ya sheria, na ni siri yake.

Wala jambo lenyewe si la mbali kama liwezavyo kudhaniwa. Mjini Boise, makao makuu ya Idaho, wanakaa wakimbizi kutoka Kongo ambao wengi wao huzungumza Kiswahili nyumbani mwao. Hao, kama sisi, wamelelewa katika desturi ambayo msichana hamwendei baba yake kwa mambo ya mwili wake. Humwendea bibi au shangazi, na huku pwani humwendea somo wake. Desturi hiyo haikuwekwa ili kuwadharau wazazi. Iliwekwa kwa kuwa wazee walijua kwamba yako maneno ambayo mtoto hawezi kuyatamka mbele ya aliyemzaa, na ya kwamba ni heri ayatamke kwa mtu mwenye akili kuliko ayameze. Sasa sheria ya Idaho yamkuta shangazi huyo mlangoni, na kumpa hiari ya mambo mawili: aitoe siri ya mtoto, au amwache aende zake peke yake.

Ili tuelewe jinsi mambo yalivyofika hapo, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Roe v. Wade, kwamba Katiba yailinda haki ya mwanamke kutoa mimba. Mwaka 1976 mahakama hiyo ikasema kwamba jimbo haliwezi kumpa mzazi uwezo wa kumkataza mtoto wake moja kwa moja. Mwaka 1979, katika kesi ya Bellotti v. Baird iliyotoka Massachusetts, ikawekwa njia ya katikati. Jimbo likitaka idhini ya wazazi, yapasa limwachie msichana mlango mwingine: aende mbele ya jaji kwa siri, pasipo jina lake kutangazwa, aonyeshe ama kwamba amekomaa kiasi cha kuamua mwenyewe, ama kwamba jambo analoliomba ni kwa manufaa yake. Baadaye zaidi ya nusu ya majimbo yalitunga sheria za kuwashirikisha wazazi.

Tarehe 24 Juni 2022 Mahakama Kuu iliitangua hukumu ya 1973, na majimbo zaidi ya kumi yakapiga marufuku kutoa mimba isipokuwa kwa sababu chache sana. Hapo ule mlango wa jaji, katika majimbo hayo, ukawa kama mlango uliochorwa ukutani, maana jaji hawezi kuruhusu kilichokatazwa kwa kila mtu. Ikabaki safari. Jaji Brett Kavanaugh, mmoja wa wale waliounga mkono hukumu ya 2022, aliandika kwamba jimbo haliwezi kumzuia mkazi wake kwenda jimbo jingine kutolewa mimba, kwa kuwa Katiba yalinda haki ya kusafiri.

Kwa mtu mzima maneno hayo yana maana. Lakini mtoto wa miaka 14 asafiri na nini? Hana motokaa, hana akiba benki, na hoteli nyingi hazimpi chumba pasipo mtu mzima. Haki ya kusafiri ya mtu asiyeweza kusafiri peke yake iko mikononi mwa yule amsindikizaye. Waliotunga sheria ya Idaho walilijua hilo. Wameshindwa kumfunga mtoto, wamemfunga msindikizaji.

Kesi ilifunguliwa. Mwezi wa Novemba 2023 mahakama ya shirikisho iliisimamisha sheria hiyo. Na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa ikairudishia nguvu sehemu kubwa. Kuhifadhi na kusafirisha kukaruhusiwa kuadhibiwa. Kushawishi hakukuruhusiwa, kwa sababu majaji waliona kwamba kumzuia mtu kusema ni kuvunja uhuru wa maneno. Kwa hiyo shangazi wa Boise aliruhusiwa kumweleza msichana mahali daktari alipo, na hata barabara ya kufuata, mradi asiwashe injini. Tennessee nayo ilipata sheria ya namna hiyo mwaka 2024, yenye kifungo cha karibu mwaka mmoja, na huko vilevile jaji alikizuia kifungu cha kushawishi mwezi wa Septemba mwaka huo.

Wako watakaosema: je, si afadhali majimbo ambayo njia ya jaji ilikuwa bado wazi? Twaomba watazame Florida. Mwezi wa Januari 2022 mahakama ya rufani huko ilitangua uamuzi wa jaji aliyemkatalia msichana wa miaka 17, na ambaye katika kuupima ukomavu wake alitazama alama zake za shuleni na kuziona hazitoshi. Tangu lini kufaulu hesabu kukawa kipimo cha kujua kama mtu yuko tayari kuzaa au la? Wapiga kura walimwondoa jaji huyo mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Lakini katika mwezi uo huo mahakama nyingine ya rufani ya Florida ilikubali kwamba msichana wa miaka 16, asiyekuwa na wazazi, hakuonyesha kwamba amekomaa vya kutosha kuamua kutoa mimba. Hakukomaa kuamua, basi awe mama! Tumelisoma jambo hilo mara mbili, na bado hatuoni jinsi akili inavyolipokea.

Upande wa siri mambo ni magumu zaidi, maana siri ya mtoto hutoka kwa matundu mengi ambayo yeye hayajui. Tuchukue bima. Mfanyakazi huko Marekani huwaandikia watoto wake katika bima ya kazini kwake, na mtoto akitibiwa, kampuni ya bima humletea mwenye bima barua ya kueleza ni tiba gani iliyolipiwa. Mtoto aweza kupewa na sheria haki ya kutibiwa kwa siri, kisha karani wa bima, pasipo nia mbaya yo yote, akaitia siri hiyo katika bahasha na kuipeleka mezani kwa baba yake. Kadhalika simu. Huko Nebraska mwaka 2022 polisi walipata kwa hati ya mahakama maneno ambayo msichana na mama yake mzazi waliandikiana kwa Facebook juu ya dawa za kutoa mimba. Mwaka 2023 mama alihukumiwa miaka miwili, na binti, aliyekuwa na miaka 17 wakati wa tendo hilo, siku 90 kwa kosa la kuuficha mwili wa kilichotolewa. Katika kesi hiyo mzazi alijua yote, na mpaka wa jimbo haukuvukwa; lakini yaonyesha jinsi maneno ya nyumbani yanavyoweza kusomwa mahakamani. Serikali ya Washington iliweka mwaka 2024 kanuni ya kuzuia karatasi za hospitali zisitumike kuwapeleleza watu waliopata tiba ya uzazi mahali ilipo halali. Mwezi wa Juni 2025 jaji mmoja wa shirikisho huko Texas aliifuta.

Hapo hatuna budi kusema neno juu ya magazeti, maana nasi tu wa kazi hiyo. Mwishoni mwa Juni 2022 mtoto wa miaka 10 wa Ohio, aliyenajisiwa, alipelekwa Indiana kutolewa mimba, kwa kuwa sheria ya Ohio ilikataza tangu wiki kama sita za mimba. Daktari wake, Caitlin Bernard, alimweleza habari hiyo mwandishi mmoja pasipo kutaja jina la mtoto. Nchi nzima ikatikisika. Wanasiasa wakasema ni hadithi ya uongo; gazeti kubwa likaandika tahariri ya kuitilia shaka; kisha mtuhumiwa akakamatwa, na mwaka 2023 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwezi wa Mei 2023 Bodi ya Madaktari ya Indiana ilimkaripia daktari na kumtoza dola 3,000 kwa kuvunja siri ya mgonjwa. Mwezi wa Novemba Mahakama Kuu ya Indiana ikamkaripia Todd Rokita, Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo, kwa maneno aliyomsema daktari huyo katika televisheni.

Wengi wa wanaokubaliana nasi katika mambo mengine humwona Bibi Bernard kuwa shujaa aliyeonewa. Nasi twaheshimu ujasiri wake. Alimtibu mtoto ambaye wengine hawakuruhusiwa kumtibu. Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba bodi ilikosa kabisa. Mtoto wa miaka 10 hakuombwa ruhusa ya kufanywa mfano. Wale waliomwita mwongo walimkosea zaidi, na adhabu yao ilikuwa ndogo au hawakupata kabisa; lakini siri ya mtoto si mali ya upande wenye haki kuliko ilivyo mali ya upande usio na haki.

Watetezi wa sheria ya Idaho hawakosi hoja, na si haki kuwapita kimya. Husema kwamba mzazi ndiye atakayemuuguza mtoto, na hastahili kuwa wa mwisho kujua. Neno hilo lina uzito. Lakini wasichana wengi huwaambia wazazi wao kwa hiari. Na yule asiyewaambia mara nyingi anajua sababu yake: fimbo, kufukuzwa, au kwamba aliyempa mimba analala katika nyumba ile ile. Husema tena kwamba wanaume wazima huwabeba wasichana waliowaharibu ili kuficha uovu wao. Ni kweli wapo wanaume wa namna hiyo, na kumharibu mtoto ni kosa la jinai katika kila jimbo; wafungwe kwa hilo. Sheria hii haimtengi mnajisi na bibi. Tena baba akiwa ndiye mnajisi, yeye naye yumo miongoni mwa wazazi ambao sheria yakataza wafichwe.

Na anayebanwa ni nani? Siye binti wa tajiri, ambaye mama yake atampeleka kwa ndege na kurudi kabla ya Jumatatu, maana mzazi akijua, sheria haina neno. Ni binti wa mfanyakazi wa zamu ya usiku, anayelelewa nusu na mama na nusu na majirani, na ambaye watu wazima walio karibu naye ni wale wale ambao siku moja ya mshahara wakiikosa huikosa kodi ya nyumba.

Kuna majimbo yaliyokwenda njia nyingine. Massachusetts, ile ile ya kesi ya 1979, iliondoa mwishoni mwa 2020 sharti la idhini ya wazazi kwa wenye miaka 16 na 17. Illinois ilifuta tangu 1 Juni 2022 sharti la kuwaarifu wazazi. Ireland, nchi iliyokuwa kali sana, ilipata mwaka 1992 kesi ya msichana wa miaka 14 aliyenajisiwa, aliyezuiwa na mahakama kwenda Uingereza. Mahakama Kuu ya rufani ikamfungulia njia, na mwezi wa Novemba wananchi wakapiga kura kuandika haki ya kusafiri katika Katiba yao.

Kutoka Boise hadi mji wa Ontario, katika jimbo la Oregon ng'ambo ya Mto Snake, ni mwendo usiofika saa moja kwa motokaa, na huko msichana wa miaka 15 aweza kukubali matibabu mwenyewe. Twawasihi viongozi wa jumuiya za wazungumzao Kiswahili huko Idaho wamtafute wakili, wawaeleze watu wao kwa lugha yao hukumu ya Desemba 2024 iliruhusu nini na ilikataza nini, ili shangazi ajue sheria kabla ya kushika usukani.