Diski ndogo ya kamera, lawama kubwa



Juma hili tunazungumza juu ya kamera za depo. Bei ya kakao ilipopanda sana mwaka 2024, hata ikapita dola 10 000 kwa tani kwenye soko la dunia, gunia moja la kakao kavu lilikuwa mali ya kulindwa kama mfuko wa pesa. Kuna wamama waliokusanya pesa za kikundi wakaweka kamera mlangoni na mahali pa mizani. Ni jambo jema. Lakini wengi wanaangalia kamera tu, wanasahau kile kisanduku kinachorekodi, na ndani yake ile diski inayoweka picha.

Tuseme wazi namna inavyofanya kazi. Diski ikijaa, mashine haisimami wala haipigi kelele. Inafuta picha za zamani na kuandika mpya juu yake. Ukichelewa kuangalia, kile unachotafuta hakipo tena.

Shida inaanza hapo. Chukueni mfano wa depo inayopima magunia yote mara moja kwa mwezi. Siku ya kupima, gunia moja halionekani. Wote wanamgeukia binti anayefungua mlango asubuhi. Wanafungua mashine: inaonyesha siku sita tu za mwisho. Picha za majuma matatu ya kwanza zimefutwa. Binti hana cha kumtetea, na kikundi hakina cha kumshitaki. Hata hivyo watu watasema, mshahara utakatwa, na jina lake litazunguka mpaka sokoni. Kamera iliyonunuliwa ili ilete amani imeleta fitina.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya diski, ulizeni kwanza: sisi tunahesabu mali kila siku ngapi? Diski inapaswa kuweka picha kwa siku nyingi kuliko hizo.

Hesabu yake si ngumu. Kamera moja yenye picha safi, ikirekodi usiku na mchana, inaweza kula karibu gigabaiti 20 kwa siku. Kamera nne zitakula 80. Basi diski ya gigabaiti 500 itaweka siku 6 hivi. Ya terabaiti 1 itaweka siku 12. Ya terabaiti 2 itaweka siku 25. Ya terabaiti 4 itapita mwezi mmoja na nusu. Kwenye karatasi ya diski mtaona GB na TB, ama Go na To kwa Kifaransa. Ni kitu kimoja.

Kikundi kinachohesabu kila mwisho wa mwezi kinahitaji terabaiti 4. Lakini kikundi kinachohesabu kila Jumamosi kinaweza kutosheka na terabaiti 1 au 2. Mnaona? Kuhesabu mara nyingi kunapunguza gharama ya mashine, na daftari la mama katibu bado ni mlinzi wa kwanza.

Sasa, mkiamua kuweka diski kubwa, angalieni mambo haya.

Kwanza, kila mashine ina kipimo chake. Nyingine hazikubali zaidi ya terabaiti 2, nyingine zinafika 6 au 8. Kimeandikwa katika kitabu kilichokuja nayo. Mpigeni picha mashine pamoja na namba yake ya chini, mumwonyeshe muuzaji kabla ya kutoa pesa. Kwenda Butembo na kurudi kwa sababu ya diski isiyokubalika ni hasara ya pesa na ya hatari ya njia.

Pili, si kila diski inafaa. Diski ya kompyuta ya kawaida imetengenezwa kufanya kazi saa chache kwa siku. Ile ya kamera inaandika saa 24 bila kupumzika. Kampuni za diski zinatengeneza aina maalumu kwa kazi hiyo: kwa mfano Western Digital ina ile inayoitwa Purple, na Seagate ina SkyHawk. Jihadharini pia na diski zilizotumika zinazobandikwa karatasi mpya. Mashine nyingi zina ukurasa unaoonyesha afya ya diski na saa ilizokwisha kufanya kazi. Diski mpya haiwezi kuonyesha maelfu ya saa.

Tatu, umeme. Wengi wetu tunatumia paneli za jua. Kisanduku na kamera nne vinaweza kula wati 30 hivi, maana yake karibu wati-saa 720 kwa usiku na mchana. Diski yenyewe inakula kidogo, wati 5 hivi, na diski kubwa haizidi sana ile ndogo. Kwa hiyo msiogope kwamba terabaiti 4 itamaliza betri. Kinachoharibu diski ni umeme kukatika katika ghafula, tena na tena. Betri ikiwa dhaifu, shughulikieni betri kabla ya diski.

Nne, siku ya kubadilisha. Picha zozote mnazohitaji zitolewe kwanza kwenye flashi, kwa sababu diski mpya itaanza tupu. Mashine izimwe kwa menyu yake, kisha ichomolewe kabisa. Fundi atafungua skrubu, atatoa waya mbili za diski, ataweka mpya na kuifunga vizuri isitikisike. Ikiwashwa, itaomba kuitayarisha diski, na kazi hiyo inafuta kila kitu kilichomo. Kwa hiyo diski ya zamani isirudishwe ndani kwa majaribio. Iandikwe tarehe, ifungwe katika kitambaa kikavu, iwekwe na mama mweka hazina. Kesi yoyote ikiwa bado haijaisha, isiuzwe wala isipewe mtu.

Tano, saa. Mashine nyingi zinatoka kiwandani na saa ya nchi nyingine. Ziwekwe kwenye saa yetu ya Oicha, ambayo iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Kumbukeni mashine inahesabu kizungu: ikiandika 20:00, kwetu ni saa mbili ya usiku. Picha yenye saa isiyo sahihi inaweza kumtia hatiani mtu aliyekuwa nyumbani kwake amelala. Kesho yake, rudini muangalie kama picha za jana zinaonekana zote, kamera moja baada ya nyingine. Msimlipe fundi pesa zote kabla ya hapo.

Linabaki jambo ambalo fundi hawezi kuwafanyia, nalo ni sheria ya kikundi. Tunapendekeza neno la siri lishikwe na wamama wawili, si mmoja, na si fundi. Picha zisitumwe kwenye WhatsApp, hata kwa kicheko. Mtu aliyeonekana ameinama juu ya gunia si mwizi kwa sababu ameinama. Kamera isielekezwe mahali wamama wananyonyesha au wanabadilisha nguo. Na yule binti wa mlango, kama sentineli na wabebaji, awe na haki ya kuomba picha zifunguliwe mbele yake kabla ya mtu kumkata hata franka moja. Kama picha hazipo tena, basi hakuna ushahidi, na lawama isimamie hapo.

Kamera hazitazuia mabaya yote tunayoyajua katika eneo letu. Lakini zinaweza kumaliza mabishano kati yetu sisi wenyewe, kama zinakumbuka siku za kutosha. Katika mkutano wenu ujao, mwombeni mama prezidanti afungue mashine na kutafuta picha ya zamani kuliko zote. Hesabuni siku. Kisha linganisheni na siku za kupima magunia, na mtajua wenyewe kama diski yenu inatosha.