Majina ya Kiswahili katika Programu za Tarakilishi

Wapo wanaoshikilia kuwa Kiswahili hakina nafasi katika utunzi wa programu za tarakilishi, kwa kuwa maneno ya amri katika lugha kama Java ni ya Kiingereza. Dai hili lina ukweli, lakini limeacha jambo muhimu.

Katika utunzi wa programu unaozingatia vitu, mtunzi huunda klasi, yaani kiolezo cha vitu vya aina moja. Zipo klasi ambazo kazi yake ni kubeba data tu. Mfano ni klasi Kitabu yenye sehemu tatu: anwani, mwandishi na mwaka. Kwa miaka mingi baada ya Java kuzinduliwa mwaka wa 1995, klasi ndogo kama hii ilidai mistari mingi: ya kukiunda kitabu, kusoma kila sehemu, kulinganisha vitabu viwili na kukionyesha kwa maandishi. Kotlin ilipunguza kazi hiyo mwaka wa 2016, nayo Java 16 ikaja na rekodi mwaka wa 2021. Sasa mtunzi hutaja jina la klasi na sehemu zake katika mstari mmoja. Yaliyobaki hukamilishwa na lugha yenyewe.

Kilichosalia, basi, ni aina za data na majina, na majina ni hiari ya mtunzi. Java haikatai Kitabu wala mwandishi.

Uteuzi huu si pambo. Ichukuliwe sajili ya shule inayohifadhi uhusiano wa mwanafunzi na mlezi wake. Kiingereza huwaita mjomba na ami kwa neno moja, ilhali mmoja ni ndugu wa mama na mwingine ni ndugu wa baba. Tofauti isiyoingizwa katika rekodi haiwezi kupatikana humo baadaye.

Itasemwa kuwa majina ya Kiswahili yatawatatiza wageni. Hoja hii ina uzito kwa programu inayotungwa na watu wa mataifa mengi. Haina mashiko kwa sajili ya shule ya Kilifi au Kakamega.

Hivyo basi, idara za Kiswahili na za tarakilishi hazina budi kushirikiana. Mwanafunzi aliyezoea kuchambua ngeli za nomino si mgeni katika kuainisha vitu. Wahenga walinena: jina jema hung'ara gizani.