Kitendawili Kisichopewa Mji

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anaporejea kutoka nyanjani, hubeba kitu kisichokuwa chake. Katika kipakatalishi chake mna sauti za wazee, majina ya wasimulizi, nyimbo za jandoni zisizoimbiwa kila sikio na pengine siri za nyumbani zilizoponyoka katikati ya mahojiano. Hiyo ni amana. Je, tumeifungia wapi?

Wengi wetu tutajibu kwamba tarakilishi ina nywila. Jibu hilo halitoshi. Nywila ya kuingilia humzuia mtu mlangoni tu. Mwizi akiitoa diski na kuiunganisha na mashine nyingine, atasoma kila kitu bila kuulizwa hata jina. Nililitambua hilo nilipoibiwa kipakatalishi katika kituo cha matatu, nikiwa na mahojiano ya miezi mitatu. Hasara ya mashine niliimeza. Aibu ya kutojua sauti za wasimulizi wangu zimo mikononi mwa nani ingali inanisumbua.

Dawa ipo, tena ni ya bure. Mfumo endeshi wa Linux, ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, unaweza kuisimba diski kwa utaratibu uitwao LUKS, uliobuniwa na Clemens Fruhwirth mwaka 2004. Kwa kawaida, sehemu ndogo ya diski huachwa wazi, nayo ndiyo husomwa kwanza mashine inapowashwa. Humo mna kiini pamoja na mfumo mdogo wa awali, ambao humwuliza mwenye mashine kirai cha siri. Kirai hicho hakiisimbui diski moja kwa moja. Hufungua ufunguo mkuu uliohifadhiwa mwanzoni mwa sehemu iliyosimbwa, na ufunguo huo ndio unaoyarejesha maandishi katika hali ya kusomeka. Ndiyo maana mtu aweza kubadilisha kirai bila kuisimba diski upya.

Wapo watakaopinga kwamba kufuli hiyo humfungia nje hata mwenye nyumba. Hoja yao ina uzito. Katika kitendawili, hadhira ikishindwa hutoa mji na kupewa jibu. Diski iliyosimbwa haipokei mji: ukisahau kirai, hakuna fundi wa kukufaa. Hata hivyo, hatari hiyo yatufunza kujiandaa, si kuacha mlango wazi. LUKS huruhusu virai zaidi ya kimoja. Kimoja na kiwe cha akiba, kiandikwe na kufungiwa mahali salama. Aidha, nakala ya data ihifadhiwe katika diski nyingine, nayo isimbwe. Tukumbuke pia kwamba ulinzi huu hukamilika mashine inapozimwa kabisa, wala si inapolazwa tu.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inautaja usimbaji miongoni mwa hatua za kulinda habari za watu. Lakini hata pasipo sheria, sisi tumekwisha kujifunga wenyewe: katika fomu ya idhini tunamwahidi msimulizi usiri, naye anatia sahihi au kidole gumba kwa kutuamini. Idara zetu zinazokagua hojaji kabla ya mtafiti kwenda nyanjani zingefaa kuikagua na diski yake. Ahadi ni deni, na deni hili huanza kulipwa kabla ya kinasasauti kuwashwa.