Kamera haifuti nywila

Sikubaliani na wanaotegemea kamera kulinda kompyuta za umma. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Tanzania za 2018 zilishawataka wenye intaneti kafe waweke kamera. Kamera inaonesha nani alikaa kitini, haioneshi alichokiacha ndani ya mashine. Nimesimamia chumba cha kompyuta cha skuli moja hapa Unguja, na kila jioni nilikuta barua pepe za watu ziko wazi, nywila zimehifadhiwa, na kwenye folda ya vilivyopakuliwa picha za kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, barua za kuomba kazi. Anayekaa baada yako anavichukua vyote bila ya kuvunja chochote! Kilichotusaidia ni programu ya Deep Freeze: ukizima na kuwasha, mashine inarudi ilivyokuwa, na virusi vilivyoingia na flashi vinaondoka. Tukaongeza akaunti isiyoruhusu kusakinisha programu, na nywila ya BIOS ili mtu asiwashe mashine kwa flashi yake. Na wewe ndugu yangu unayetaka matundu ya flashi yazibwe, mfikirie mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) anayekwenda Maktaba Kuu pale Maisara na kazi yake yote imo kwenye flashi. Umzibie halafu aende wapi? Ila watumiaji waandikiwe kwa herufi kubwa kwamba kazi ihifadhiwe kwenye flashi au barua pepe kila baada ya muda mfupi, kwa sababu umeme ukikatika mashine inafuta na kazi ya halali pia. UPS nazo zinunuliwe.