Mchezo Huu si Anasa

Hoja iliyochapishwa kwamba michezo ya video inayochezwa kwa mwili mzima ni anasa ya matajiri, isiyomfaa mgonjwa wa Goma, mashariki mwa Kongo, imekosea. Mwandishi wake anaongeza kuwa ubongo unaozidi kuharibika haufundishiki.

Unafundishika. Mwaka 2012 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walichapisha matokeo ya watoto 10 wenye ataksia, maradhi yanayovuruga uratibu wa miondoko. Kwa wiki 8, nyingi zikiwa nyumbani kwao, watoto hao walicheza mbele ya kamera ya Kinect bila kushika chochote mkononi. Dalili zilipungua kwa takriban alama 2 katika kipimo chenye alama 40. Si kupona, lakini kwa maradhi yanayozidi mwaka hadi mwaka, hilo si dogo hata kidogo.

Na Goma ndiko miguu inakojaribiwa kwelikweli: mawe makali ya lava ya volkano ya Nyiragongo chini ya kandambili, chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, lenye magunia likiteremka kasi, na mtu sharti apige hatua ya kando papo hapo. Hatua hiyo ndiyo inayozoeshwa na mchezo.

Kituo cha Shirika la Umoja mjini humo kinawafunza watu kutembea upya, wengine kwa miguu bandia. Wafadhili wanaoleta miguu bandia walete na skrini, na mtu wa kumshika mgonjwa asianguke.