Uchafu Haukuja na Rapu

Wapo Uganda wanaoamini kwamba rapu, yaani muziki wa kufokafoka ambamo msanii hughani mashairi kwa kasi juu ya mdundo, ni uchafu uliotoka ng'ambo, na kwamba tamasha la Nyege Nyege la Jinja (jina ambalo Mswahili halisomi asitabasamu) ndilo mlango uliopitia. Kwa hoja ya maadili Simon Lokodo, aliyekuwa waziri wa maadili, alilipiga marufuku mwaka 2018 kabla ya kulegeza msimamo, na mwaka 2022 Bunge likataka lizuiwe, hadi serikali ilipolikubali kwa masharti na likafanyika Itanda, kwenye maporomoko ya Mto Nile.

Wanaoishikilia imani hiyo wangeanza kwa kuisikiliza kazi ya MC Yallah, aliyezaliwa Kenya na kulelewa Uganda, ambaye alianza kughani mwaka 1999 na kuhangaika kwa takriban miongo miwili kabla albamu yake Kubali, ya mwaka 2019, haijampeleka kwenye majukwaa ya Ulaya. Albamu hiyo ilitolewa na Hakuna Kulala, lebo, yaani kampuni ya kutoa na kusambaza muziki, iliyoanzishwa na watu wa tamasha hilohilo. Midundo ilitengenezwa na Debmaster, ambaye ni Mfaransa, lakini Kiganda, Kiluo na Kiswahili anavyoghani navyo, pamoja na Kiingereza, havikushushwa bandarini juzi.

Wala maneno ya wazi si mageni Uganda: saa chache kwa gari kutoka Jinja, Wagisu wa Mbale hufungua imbalu, yaani jando lao, katika uwanja wa Mutoto kila Agosti ya mwaka wa shufwa. Vijana waliopakwa unga, njuga zikilia mapajani, hufuata kadodi, ngoma zinazoning'inizwa mabegani na kupigwa njiani, huku nyimbo zikitaja maungo na tendo la ndoa waziwazi, mbele ya bibi na wajukuu. Wakubwa wa serikali huhudhuria, na wanasiasa hukodi kadodi hiyohiyo wakati wa kampeni. Nayo imbalu haipasi kufutwa.

Itajibiwa kwamba jando lina wazee wa kulisimamia. Jibu hilo lina uzito, ila linauhamisha ugomvi kutoka kwenye maneno na kuupeleka kwenye usimamizi, na usimamizi ndio uliopatikana kwa masharti ya mwaka 2022; marufuku ilikuwa ya nini, basi? Kinachowakera wapinzani wa tamasha ni kwamba vijana, na zaidi mwanamke mwenye kipaza sauti, wanasema bila kuruhusiwa na mzee yeyote.

Waanzilishi wa tamasha, Derek Debru na Arlen Dilsizian, ni wageni kweli, na hapo ndipo palipo na hoja inayostahili kikao cha Bunge: mikataba ya wasanii inasemaje, nani anamiliki rekodi zao, na katika fedha za tiketi ni kiasi gani kinachobaki kwa watu wa Jinja.